Usimfiche mtu wa mapokezi, dada. Mimi nilimficha mkanda wa jeshi

Dada uliyeuliza humu nani anafanya nini pale kwa GP, yaani daktari wa mtaani huku Uingereza, hiyo sentensi yako ya mwisho ifute kabisa. "Nimeambiwa wale wa mapokezi pale kwa GP ni wambea, nikipiga simu niseme tu ni siri yangu na daktari." Nani kakuambia? Maana na mimi niliambiwa hivyohivyo na mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Midlands, miaka zaidi ya ishirini Uingereza, anavaa koti la suti hata kwenye nyama choma. "Yule binti hana udaktari wowote, anatafuta ubuyu tu." Nikaliamini lile koti.

Julai 2024, Jumatatu, naamka na malengelenge ubavuni, upande mmoja, yamejipanga kama shanga, yanawaka kama nimemwagikiwa mafuta ya maandazi. Mkanda wa jeshi. Na mnajua kwetu mtu akisikia mkanda wa jeshi, kichwani mwake keshakupima UKIMWI na majibu anayo. Basi napiga simu saa mbili asubuhi, nasikilizishwa muziki dakika arobaini, anapokea binti wa mapokezi: tatizo ni nini? Mimi, kwa sauti ya balozi: "Ni jambo binafsi." Akauliza tena, taratibu, kama ni la haraka. "Hapana, binafsi tu." Akanipangia GP baada ya siku kumi na sita.

Alikosea wapi? Kazi yake ni kujua akupeleke kwa nani na lini, na siri zako analazimika kuzitunza sawa na daktari. Ningesema tu "vipele vya upande mmoja, vinauma sana, nina miaka 53", angenielekeza siku hiyohiyo kwa mfamasia wa mtaani, maana tangu mwisho wa Januari 2024 wafamasia wa England wanaweza kutoa dawa za mkanda wa jeshi bila kupitia GP. Dawa zenyewe zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Mimi saa 72 zangu nilizimalizia kupaka mshubiri. Haya, chekeni.

Nafika kwa GP, malengelenge yameshakauka. Akaangalia makovu, akauliza kwa nini sikusema kwenye simu. Nikaangalia kalenda ukutani. Alisema hawezi kuapa kwamba dawa zingezuia yaliyofuata, ila tungejaribu. Yaliyofuata ni miezi minane ya maumivu ya mishipa. Shati likinigusa naruka. Zamu za usiku ghalani zikanishinda, wakampa mwingine. Nikawa mtu wa amitriptilini, dawa ya maumivu hayo ya mishipa, unaamka mdomo mkavu kama umelamba unga wa muhogo, na kila nikienda kuichukua ilikuwa £9.90. Yule mzee nikakutana naye msibani, nikamsimulia. Akanipiga begani: "Pole, lakini angalau hawakujua." Hawakujua! Mzee, alitakiwa ajue mtu mmoja tu, na wewe ndiye uliyemziba masikio.

Hayo mengine uliyouliza: nesi ni wa chanjo, vidonda, kipimo cha mlango wa kizazi, pumu, kisukari. HCA, yaani msaidizi wa huduma za afya, anatoa damu na kupima presha. Wenye cheo cha PA, wasaidizi wa madaktari, si madaktari na hawaandiki dawa, kwa hiyo ukikaa tu muulize anayekuhudumia ni nani. Na kwa hao wote anayekupeleka ni nani? Huyohuyo unayetaka kumnunia. Kiingereza kikikupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, usimtume mwanao wa darasa la nne akatafsiri tumbo lako.

Watoto sijui ulisema wawili au watatu, wasajili tu kwa GP, wakikudai pasipoti waambie si sharti.

Kabla hujapiga, andika kwenye karatasi: kinauma nini, tangu lini, kinazidi au kinapungua. Akiuliza, msomee yote. Hata kama ni matako. Hasa kama ni matako.