Namna ya Kubishana juu ya Sehemu Bora na Sehemu Mbovu za Prison Break

Katika mabaraza ya Mji Mkongwe ninayoyajua mimi, ukiacha mpira na siasa, hakuna jambo lililobishaniwa kwa muda mrefu kama Prison Break, ile tamthilia ya Michael Scofield anayejiingiza kwa makusudi katika gereza la Fox River ili amtoroshe kaka yake, Lincoln Burrows, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Agosti mwaka 2005, na sisi tuliipata kwa njia iliyokuwa ya kawaida wakati ule, yaani DVD moja iliyoshindiliwa sehemu nyingi, ikipita mkono hadi mkono mpaka inachubuka. Nimekaa katika mabishano hayo kwa miaka mingi, nikayaona mengine yakimalizika kwa kicheko na mengine kwa watu kununiana, na ushauri ninaoutoa hapa ni kwa wale wanaotaka ubishi wenye ladha.

La kwanza ni kulinganisha sehemu na sehemu. Mtu anayesema kuwa msimu wa kwanza ndio bora hajasema kitu, kwa kuwa sijapata kumwona wa kumpinga; mwambieni ataje sehemu moja, na hapo ndipo utakapoona anaanza kubabaika. Sababu yake ni hizo hizo DVD. Sehemu zilikuwa zikifuatana moja kwa moja, hata wengi wetu hatukujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, ilhali waliozitunga walizikata kwa makusudi, na mahali pa kukatia ni nusu ya ufundi wao.

Chukua sehemu ya 13 ya msimu wa kwanza, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, hata kuliko ya 21 ambayo ndani yake wanafanikiwa kuruka ukuta. Lincoln amekaribia kupelekwa kwenye kiti cha umeme, Michael na wenzake wamekwisha kujipenyeza chini kwa chini, na bomba lililokuwa limedhoofishwa kwa kemikali siku nyingi kabla ndilo mlango wao wa mwisho. Michael anafika na kukuta bomba jipya. Mafundi wa gereza wamelibadilisha, bila ya kujua chochote kuhusu mpango wake. Hakuna adui aliyewashinda, hakuna aliyewasaliti, ni kazi tu ya matengenezo iliyofanywa kwa wakati wake. Sehemu inakatikia hapo. Ilionyeshwa tarehe 28 Novemba 2005, na iliyofuata haikuonekana mpaka tarehe 20 Machi 2006, kwa hiyo watazamaji wa kule walikaa na bomba lile kwa karibu miezi minne, ilhali sisi tulikaa nalo kwa muda wa kupepesa macho. Ukitaka kuihukumu kwa haki, itazame, uzime televisheni, ulale nayo angalau usiku mmoja.

La pili nililipata katika lile giza la Unguja, baada ya kuharibika kwa njia ya umeme unaotoka bara, tukakaa tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 bila ya umeme isipokuwa kwa wenye jenereta. Msimu wa nne ulikuwa umemalizika Mei 2009, na watu walikuwa bado na hamu ya kuuzungumza, lakini hapakuwa na namna ya kurejea kutazama. Tukabaki kusimuliana, kahawa mkononi na taa ya chemni pembeni. Ikadhihirika haraka kwamba zipo sehemu zinazosimulika na zipo zisizosimulika. Ya bomba ilisimuliwa mara nyingi, na hata mzee ambaye hakuwahi kuitazama aliuliza, "Sasa, mwanangu, wakarudi vipi bila ya kuonekana?" Lakini aliyejaribu kusimulia sehemu yoyote ya katikati ya msimu wa nne, ile safari ya kukusanya kadi za siri moja baada ya moja, alijikuta anasema "halafu tena, halafu tena" mpaka wasikilizaji wakahamia kwenye habari ya bei ya mafuta ya taa. Tangu hapo ninapendekeza kipimo hiki: anayedai kuwa sehemu fulani ni bora aisimulie mbele ya mtu asiyeijua.

Kuhusu sehemu mbovu, watu huchanganya inayochosha na inayovunja ahadi. Inayochosha husameheka, na mara nyingine ina sababu nje ya hadithi. Msimu wa tatu, uliopelekwa katika gereza la Sona nchini Panama, una sehemu 13 tu, kwa kuwa waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma tangu Novemba 2007 hadi Februari 2008. Siwezi kuulaumu msimu ule kwa kuishia kwa haraka. Lakini katika sehemu yake ya nne Lincoln anafungua boksi na kuoneshwa kichwa kinachodaiwa kuwa ni cha Sara Tancredi, daktari aliyempenda Michael. Tukahuzunika naye, tukamchukia muuaji, kisha mwanzoni mwa msimu wa nne tunaambiwa kuwa Sara yu hai na kichwa kile hakikuwa chake. Ninafahamu kuwa wapo waliofurahi. Mimi sehemu hiyo ya kumrejesha Sara naiona ndiyo mbovu kuliko zote, kwa sababu iliyanyang'anya machozi ya nyuma thamani yake, na baada ya hapo kila aliyekufa tulimwekea shaka. "Ami, staringi hafi," kijana mmoja aliniambia, akidhani amenimaliza. Nilimjibu kwamba kama hafi, basi wasituonyeshe maiti.

Msimu wa tano, wa mwaka 2017 na wenye sehemu tisa, uhukumiwe peke yake. Hadithi imehamia katika gereza moja la Sana'a, Yemen, ingawa baadhi ya picha zake zilipigwa Morocco, na Zanzibar si mahali pa kumdanganya mtu kuhusu Yemen, maana wapo wengi wenye jamaa huko, na jirani yangu aliyepata kuishi Sana'a alitumia jioni nzima kuzitafuta zile nyumba ndefu za matofali zenye madirisha yaliyonakshiwa kwa chokaa nyeupe. Hilo la majengo mimi nalipuuza. Sharti letu pale barazani ni jingine: anayetaka kuingiza sehemu za msimu huo katika ushindani na zile za misimu minne ya mwanzo, kwanza atueleze Michael, ambaye tulikwisha kuoneshwa kaburi lake mwaka 2009, alifufuka vipi, na aeleze bila ya kusema "halafu tena".