Kabla hujagusa valizi ya picha za wazee

Naanza na kosa langu ili mtu mwingine asilirudie. Nkambo (babu) wangu alikuwa ameshafariki, picha yake ilikuwa kwenye kadre saloni kwetu hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, nikataka niipige vizuri na telefone bila kile kioo kinachong'aa, nikafungua kadre nikakuta picha imegandana na kioo, basi nikachukua kisu cha mkate nikaanza kuiinua pole pole. Kona ya kwanza ilitoka. Ya pili nayo ikatoka. Kufika shingoni nikasikia kraaa kama karatasi ya pipi, na uso wote wa mzee ukabaki kwenye kioo, mimi mkononi nikabaki na mtu wa koti safi asiye na kichwa. Mama aliangalia, hakusema kitu, akarudi kusonga bukari. Afadhali angenipigia makelele.

Fundi mmoja wa picha, mzee ambaye bado ana kibanda chake kule Kenya (commune Kenya, si nchi, kwa wenzetu wa mbali), ndiye alinieleza baadaye huku akicheka. Ukuta ukinyonya maji ya mvua kadre nayo inanyonya, ile ngozi ya juu ya picha inalainika kama gundi na inashika kioo, na ikishakauka hapo imeoana nacho. Kwa hiyo picha iliyogandana usiitoe. Ipige ikiwa na kioo chake. Simama pembeni ya mlango asubuhi au saa kumi, kwenye kivuli lakini penye mwanga wa nje, zima flashi, kama kioo kinaonyesha sura yako vaa kitu cheusi au mwambie mtoto ashike kitenge cheusi nyuma yako, na telefone ilale sawasawa na picha, isiinamie upande, la sivyo mzee atatoka na kichwa kidogo na miguu ya tembo. Ni hivyo tu, haitaki aparei (kamera) ya dola mia nane.

Na ukishamaliza mbele, geuza upige nyuma. Watu wanasahau nyuma! Kwangu mimi nyuma ndiko kuna picha yenyewe. Kuna muhuri wa studio, kuna "ukumbusho kwa shemeji", kuna hesabu ya madeni ya mtu, mara moja nilikuta hata njia ya kufika kwa mganga imechorwa vizuri kabisa na mishale.

Baada ya lile kosa mama mkubwa wangu akaniita (nadhani walikuwa wameongea na mama), akatoa chini ya kitanda valizi ya bati yenye kutu akasema fanya kazi yako lakini kisu uache kwenu. Ndani mlikuwa na picha karibu mia mbili, na moja yao ndiyo imefanya niandike haya yote. Ni picha ya studio, nyeusi na nyeupe, wanaume wawili wamesimama wameshikana mabega, wa kushoto ni nkambo. Ila zamani walikuwa watatu. Upande wa kulia picha imekatwa na makasi, tena imekatwa sawa, kwa uangalifu, kutoka juu mpaka chini, na aliyekatwa amebaki kiatu kimoja tu, kile cha kisigino kirefu cha miaka ya 70, kinang'aa kweli kweli. Nikamuuliza mama mkubwa huyu ni nani, akasema "achana nayo", akaanza kuchambua sombe. Nikaacha. Nitarudi kwake.

Sasa swali ambalo watu wananiuliza zaidi ni hili, picha haina tarehe, wazee wameshaenda, nitajuaje ni ya mwaka gani. Hapo ndipo siasa inakusaidia, na nafikiri ni moja ya faida chache ambazo siasa ya nchi hii ya Kongo imetupatia, maana kila mkubwa aliyeingia alibadilisha majina na nguo, na majina na nguo ndivyo vitu ambavyo picha inavishika. Ukikuta muhuri umeandikwa Elisabethville, kwa kawaida picha ni ya kabla ya 1966, mwaka mji ulipoanza kuitwa Lubumbashi, ingawa fundi mwenye muhuri wa zamani hakuutupa siku ileile, wino ulikuwa bei. Ukikuta Shaba badala ya Katanga uko kwenye miaka ya Mobutu, kabla ya 1997. Ukikuta Haut-Katanga, hiyo ni juzi, 2015 ndipo Katanga ilikatwa vipande vinne. Angalia na majina, baba yangu mmoja nyuma ya picha zake za shule ana jina la padri, lile la ubatizo, halafu ghafla kuanzia 1972 jina la padri limepotea limebaki la mababu, ni mtu yuleyule na masikio yaleyale.

Halafu abakosti. Mwanaume amevaa koti limefungwa mpaka juu, hana tai, huyo mara nyingi ni wa kuanzia mwanzo wa miaka ya 70 mpaka tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza vyama vingi na tai zikarudi shingoni. Mama mkubwa anasema baada ya hapo kuna watu walivaa tai mpaka kwenye kufyeka majani. Kitenge chenye uso wa Mobutu au mwenge wa MPR, chama chake, unajua mwenyewe. Bendera yenye misalaba mitatu ya shaba ni ile ya Katanga kujitenga, 1960 mpaka 1963, na hiyo ukiipata nakuomba usiirushe tu kwenye grupu la familia saa mbili usiku, mimi nilifanya hivyo na wajomba wawili hawakusalimiana mpaka Noeli.

Hii hesabu ya nguo na majina itakusaidia hata na picha za leo. Kila siku mtu ananitumia picha "angalia kinachotokea sasa hivi", ukiangalia vizuri bendera iliyoko nyuma si ya sasa, ile ya buluu yenye mstari mwekundu na nyota moja tumeirudisha 2006, au magari ni ya zamani, au watu wamevaa jaketi nzito na hapa ni Oktoba jua linapasua kichwa. Mimi sishei tena kitu kabla sijaangalia viatu na mbao za namba za magari.

Nirudi kwenye valizi. Angalia pia ukutani nyuma ya watu. Kwenye picha moja ya sikukuu, watu wanakunywa, nyuma ya kichwa cha shangazi kuna nusu ya tablo (picha ya kuchora), nikaivuta kwa vidole nikaona mtu amelala chini tumbo, askari ameinua fimbo, mzungu mwenye kofia amesimama pembeni na bendera. Ni ile ambayo wazee wanaita Colonie belge, haikuwa kazi ya mchoraji mmoja, kila mchoraji wa mtaani alikuwa na ya kwake, watu walitundika saloni kama leo tunavyotundika televisheni, na nyumba nyingine zilikuwa na mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Ya kwetu iliuzwa kwa mzungu wakati wa njaa. Walikuwa wanasema tablo hiyo ni ukumbusho, neno lilelile la nyuma ya picha za shemeji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa 1947, alikaa 1973 na 1974 akachora historia yote ya nchi, tablo karibu mia moja, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili chetu hiki cha Shaba mbele ya mwalimu Johannes Fabian aliyekuwa anafundisha hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 habari zake zikakatika. Mimi kwetu historia nilifundishwa kwa Kifaransa, mtu wa kunifundisha kwa Kiswahili alikuwa ameshachora yote kabla sijazaliwa na hakuna aliyeniambia.

Na kama uko Lubumbashi, nenda kwenye maonyesho ya Picha, ndiyo, jina lao ni hilo tu, Picha, ndio wanaofanya biennale, maonyesho ya kila miaka miwili, tangu 2008. Sammy Baloji, mmoja wa walioianzisha, alichukua wafanyakazi kutoka picha za wakati wa ukoloni akawasimamisha juu ya picha za mabaki ya Gécamines ya leo, kampuni ya migodi, watu wa picha nyeusi na nyeupe ndani ya kutu yenye rangi. Mara ya kwanza nilipoiona nilijisikia vibaya tumboni maana mmoja wao alisimama kama nkambo. Sio yeye. Lakini nilirudi nyumbani nikaanza kupiga picha za leo kwa kufikiria mtu wa mwaka 2060 atakayefungua valizi yangu, na hilo limebadilisha kazi yangu kuliko aparei yoyote.

Kwa mfano uchaguzi. Desemba 2023 nilikimbia mitingi kama kila mtu, nina picha mia ngapi za watu wameinua mikono, zote sawa, sizifungui hata mara moja. Zile ninazopenda nilizipiga baadaye, mwashi anapanda ngazi na tisheti ya kandideti imejaa simenti, mama wa makala pale sokoni ametandika kalenda ya chama chini ya mafungu yake na uso wa mheshimiwa unachungulia kati ya mafungu mawili. Huyo mama nilimuomba ruhusa, akaniuliza "njo unipatie moja ya karatasi?", nikampelekea ya karatasi, sasa kila nikipita ananiita. Omba kwanza, na ukiahidi karatasi peleka karatasi. Polisi walio kazini, kambi na uwanja wa ndege achana navyo, hakuna picha inayofaa kulala ndani, na makelele yako ya sanaa hayatasikilizwa pale.

Ah, na kadi ya kupigia kura, hiyo ambayo sisi ndiyo kitambulisho chetu, ipige siku uliyopewa. Yangu ya 2023 haikumaliza miezi mingi, uso wangu umefifia kama mtu anayeondoka kwenye ukungu, benki wananiangalia wanaangalia kadi wananiangalia tena.

Mambo madogo ya mwisho ya kazi. Nyuma ya picha za zamani za karatasi andika na krayoni (penseli) laini, usiandike na biki (kalamu ya wino), biki inasukuma mpaka mbele na wino unavuja. Zile za rangi zenye mgongo wa plastiki krayoni haishiki, andika kwenye bahasha na picha iweke ndani. Kutuma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inakatwa uzito, mtu wa Bruxelles anapata uso wa unga. Usiziweke kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje. Na usimruhusu kijana wa fotoshopu "atengeneze" picha kabla ya wewe kuuliza, hapo nina sababu.

Maana mimi nilitaka kuitengeneza ile ya kiatu kimoja. Nilishamlipa kijana, akakata kile kiatu kikatoka, wakabaki wawili safi na ukuta wa studio nyuma yao, nikampelekea mama mkubwa nikidhani nimemfurahisha. Akaangalia muda mrefu akauliza: "Na kiatu iko wapi?" Nikasema niliona ni uchafu, na nilidhani nkambo alimkata yule mtu kwa sababu waligombana, tena kwa sababu ya ile siasa ya 1992, maana nilijua wakati ule walikuwa Likasi na nilijua kilichowapata watu wa Kasai pale, walivyofukuzwa majumbani wakalala gare kwa maelfu wakingojea treni, na Kolwezi mwaka uliofuata hivyohivyo. Nyumbani kwetu hakuna anayeongelea hiyo, kwa hiyo mimi nilijaza mwenyewe.

"Hapana kasirani," akasema. "Ile siku alikuja usiku, balikuwa bamesha kumuvunjia nyumba, foto zake zote zilibakia mule. Akaambia baba: ndugu yangu, miye naenda, bana bangu batajua sura yangu ya kijana namna gani? Baba akachukua makasi. Alikata na mikono inatetemeka lakini alikata muzuri. Kile kiatu njo kilibakia kwetu."

Nikamuomba jina, akanitajia, nikaandika nyuma na krayoni, hapa sitaliandika kwa sababu ana watoto mahali fulani na pengine wana kile kipande kingine. Halafu akasema niongeze kitu, nikaongeza kama alivyosema: ndiye alilipa studio siku hiyo, na deni halijalipwa.