Manati ya boksi: iachie raba bendi kazi ya kurusha

Wengi hufunga mkono wa manati moja kwa moja kwenye mota ya servo (mota ndogo inayozunguka hadi pembe unayoiagiza), halafu wanashangaa kikaratasi kinapodondoka nusu mita mbele. Hesabu ndiyo hiyo: servo ndogo ya SG90 huchukua kama sekunde 0.1 kuzunguka digrii 60, hivyo ncha ya mkono wa sm 20 inafikia mita 2 hivi kwa sekunde. Basi raba bendi irushe, servo ifyatue tu.

Kwa mkono, kata vipande 3 vya boksi, sm 24 kwa sm 3, mifereji ya ndani ikifuata urefu. Ikikaa kwa upana, mkono utavunjika katikati mapema sana. Vigandishe kwa gundi nyeupe, uvikandamize kwa vitabu usiku kucha. Sm 3 kutoka chini pitisha kijiti cha mshikaki kiwe ekseli. Raba bendi ifungwe sm 8 juu ya ekseli, ivutwe hadi kijiti cha pili mbele ya fremu, yaani umbo linaloshikilia ekseli. Ncha ya juu gandisha kifuniko cha soda.

Kizuizi kinachosimamisha mkono ndicho kinachoharibu manati nyingi. Mkono ukisimama wima kabisa, mzigo unatoka sambamba na meza. Mkono ukipita hapo, mzigo unagonga meza. Uzuie ukiwa bado umelala nyuma kama digrii 45.

Servo ikae pembeni, kijiti chake cheupe kikilalia ncha ya mkono. Usikiweke karibu na ekseli, huko mkono unasukuma kwa nguvu zaidi. Waya wa chungwa uende pini 9 ya Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha servo kwa programu), mwekundu kwenye chanya ya betri 4 za AA, wa kahawia kwenye hasi. Ukitegemea umeme wa USB, servo ikikwama volti hushuka na Arduino inajizima na kuwaka upya. Hasi ya betri lazima iungane na GND (pini ya hasi) ya Arduino, la sivyo servo itatetemeka ovyo.

Kwenye programu, digrii 90 iwe ya kufunga na 150 ya kufyatua. Sababu: maktaba ya Servo (msimbo uliotayarishwa wa kuendesha servo) huanzia 90 kila Arduino inapowashwa, nawe hutaki manati ijifyatue usoni.

Servo ikinguruma bila kusogea, bandika selotepu pale kijiti kinapougusa mkono. Boksi tupu linakwaruza mno. Bado? Punguza raba bendi moja.