Sungura Akipinda Shingo, Usikimbilie Kisu

Juzi msomaji wa Tanga ameniandikia: "Dada, sungura wetu ameamka kichwa kimelala upande, anazunguka kama pia, akijaribu kusimama anabingirika. Mama mkwe anasema achinjwe kabla hajafa kibudu. Nifanyeje?"

Nilimjibu papo hapo mpaka kidole gumba kikauma. Najua wengi mnaopita hapa mnafuga sungura kwa mapenzi, mnataka wazeeke mikononi mwenu na si wafikishe uzito wa sufuria tu, kwa hiyo jibu lile nalileta kwenu nyote.

Maneno ya kisu nami niliambiwa. Sungura wangu anaitwa Pilau, jina alilopewa na watoto, na jirani yangu mmoja akalichukulia kuwa ni ratiba. Pilau alipopinda shingo, jirani huyo alikuja na ushauri, na bakuli. Nilicheka usoni, moyoni iliniuma, na mpaka leo tukisalimiana bakuli lile nalikumbuka. Muuza dawa mmoja akanishauri amoksilini ya maji, ile ya watoto. Nilimrudishia chupa yake. Amoksilini, ampisilini na klindamaisini zikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya hushika nafasi na kutoa sumu, mnyama huharisha na kufa. Hata usiposoma zaidi ya hapa, shika hilo. Daktari wa kwanza niliyempelekea hakumgusa kabisa: "Mama, mimi natibu ng'ombe."

Wa pili, kijana mtaratibu, aliuliza maswali kwanza. Anakula? Anajikuna sikio? Miguu ya nyuma ina nguvu? Amewahi kuanguka? Kumbe maswali ndiyo nusu ya kipimo, kwa sababu shingo kupinda ni dalili tu, na nyuma yake kwa kawaida kuna moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ni sikio. Usaha hujikusanya sikio la kati na la ndani, mahali penye kiungo kinachoshika mizani ya mwili. Bakteria kama Pasteurella multocida wanahusika sana, na sungura wenye masikio yaliyolala, kama Pilau, ndio wanaopatwa zaidi. Utaona magamba au harufu, anajikuna, pengine mdomo au kope la upande mmoja limelegea. Ila sikio linaweza kuwa safi kwa nje huku usaha umejaa ndani ya mfupa, na hapo picha ya eksirei inahitajika. La pili ni kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi. Huenea kwa mkojo wa sungura mwenye nacho, au mama kumwambukiza mtoto tumboni, kisha hukaa kimya kwenye figo na ubongo hata miaka. Miguu ya nyuma ikilegea, mkojo ukichuruzika au jicho likiota doa jeupe, kishuku hicho. Kipimo cha damu hakikati shauri peke yake: sungura wengi wazima kabisa wana kingamwili za kimelea hiki, yaani alama kwamba waliwahi kukutana nacho.

Kwa Pilau daktari aliamua kushika yote mawili. Kwa kimelea, fenbendazoli, dawa ya minyoo, hutolewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku, siku 28. Chupa za mbuzi na ng'ombe zina nguvu tofauti, kwa hiyo mpime sungura kwenye mizani na hesabu afanye daktari. Dawa hii ikizidi inaweza kudhoofisha uboho unaotengeneza damu. Kwa sikio alipewa enrofloksasini, antibiotiki ambayo huenda wiki kadhaa, na meloksikamu ya maumivu. Kizunguzungu kikali hutulizwa na meklizini.

Dawa lakini si kazi. Kazi ni kulisha. Utumbo wa sungura ukisimama, anakufa kwa tumbo kabla shingo haijamuua, kwa hiyo nusu siku bila kula tayari ni dharura. Nililoweka chakula cha punje za kiwandani (pelleti), nikakiponda uji, nikamlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo pembeni ya mdomo, usiku na mchana. Nikazungushia boksi taulo zilizokunjwa ili akibingirika asiumie, na jicho la upande wa chini nikalipaka dawa lisikauke. Maji ya Jik kwenye sakafu, mikono kunawa kila mara, hasa kama nyumbani kuna mtu ambaye kinga yake iko chini, maana kimelea kile chaweza kumpata.

Pilau leo anapanda ngazi ya mlango mwenyewe. Kichwa kimebaki kimeinama kidogo, na wageni wanasema ana madaha. Waache waseme. Ndugu zangu, mnyama uliyemfungia ndani hawezi kujitafutia dawa porini. Ukimfungia, umebeba dhamana yake. Anayekucheka kwa kulipa daktari wa sungura atakucheka kesho kwa jambo jingine. Kama uko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wana hospitali ya wanyama. Kwa wa Nairobi, kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Nenda ukaulize, usione haya.

Sasa degedege, maana msomaji wangu hakuwa na hakika anachokiona. Sungura anayebingirika kwa kizunguzungu ana fahamu zake: macho yanacheza, anahangaika kushika sakafu. Mwenye degedege fahamu zimeondoka, anakakamaa, miguu inapiga kasia hewani, pengine mkojo unamtoka. Usimtie kitu mdomoni. Punguza mwanga na kelele, ondoa vitu vigumu, angalia saa, mrekodi kwa simu ili daktari aone mwenyewe. Ikizidi dakika chache au ikirudia, mkimbize akapate diazepamu.

Chanzo chaweza kuwa kimelea kile kile, au joto. Mchana wa Dar mwezi Februari, banda la mabati linatosha kumwangusha. Lowesha masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na uondoke naye kwenda kwa daktari. Au ni sumu, na hapa wengi huumizwa na nia njema: dawa ya viroboto yenye fipronili, inayodondoshewa mbwa mgongoni, humletea sungura degedege na kifo. Soma kibandiko. Ukiikuta kabatini mwako, mpe mwenye mbwa.