Swichi Iliyoyeyuka Kabla ya Adhana

Juzi usiku kijana mmoja wa Likoni, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia: "Kaka, swichi ya sanduku langu la betri imeyeyuka. Inveta ni ya wati 1500. Ninunue swichi ya ampea ngapi?" Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaniuliza kulikoni. Swali hilo hilo mimi nililiuliza dukani Ramadhani ya mwaka juzi, na jibu nililopewa likanila swichi ya pili.

Najua wengi wenu mnataka nilichokitaka mimi: stima zikipotea mtaani, kwenu feni izunguke na jirani achungulie dirishani. Si dhambi. Nilijenga sanduku langu kwa betri ya gari ya volti 12 na inveta ya wati 500, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Habari za mbao, gundi na misumari naziruka. Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa swichi ya mbele: nyekundu, ya kubonyeza huku na huku, yenye kitaa ndani, imeandikwa ampea 16, volti 250. Nikiibonyeza inalia "tak!" na mimi najiona injinia.

Kile kitaa hakikuwaka hata siku moja. Nilidhani ni kibovu. Kumbe kilikuwa cha stima ya ukutani, volti 12 hazitoshi kukiamsha. Swichi yenyewe ilikuwa ikiniambia tangu siku ya kwanza kwamba pale si mahali pake, na mimi nikaifunika kwa kipande cha karatasi ya kung'aa ili isiniaibishe.

Miezi miwili mambo yalikuwa sawa: feni, taa tatu, chaja za simu. Kisha ikaja ile jioni. Ami yangu na familia yake wamealikwa futari, kaimati ziko mezani, dakika kama 20 kabla ya magharibi, stima zikapotea. Mimi kifua mbele, nikabonyeza, "tak!", taa zikawaka, watoto wakapiga makofi. Mama naye, kwa furaha, akachomeka blenda amalizie juisi ya embe.

Harufu ilitangulia. Kama samaki aliyesahauliwa jikoni, lakini yenye ukali wa plastiki. Nikafika sandukuni nikakuta uso wa swichi umebonyea katikati, na nilipoigusa ikanivuta kidole kama ubani uliopata moto. Haikuzimika. Ilikuwa imeshikana ndani, ikabidi ning'oe waya wa betri kwa mkono huku Ami akisema, "Mwanangu, ungenunua jenereta kama watu." Tulifuturu kwa mshumaa. Mpaka leo akinipigia simu huanza na "Injinia wa moshi, hujambo?" Nacheka naye. Lakini linanichoma.

Kesho yake nikashuka Mwembe Tayari. Muuzaji mmoja akaniambia, "Hiyo ndogo, chukua ya ampea 20." Nikachukua, nikafunga palepale, kwa waya zile zile, kwa namna ile ile. Siku nne. Hiyo ya pili haikuyeyuka mbele ya wageni, alhamdulillahi, bali iligeuka kahawia upande mmoja na mguu wake wa kufungia waya ukawa unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kuhesabu, jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Wati ni volti mara ampea. Blenda ya Mama ni ya wati 350. Ukiichomeka ukutani, volti 240, inakula kama ampea moja na nusu. Ukiilisha kwa betri ya volti 12, zinapita ampea 29, na ukiongeza zile zinazopotea ndani ya inveta unavuka 30. Akili yangu ilikuwa imeniambia kwamba volti 12 hazimrushi mtu, basi ni umeme mdogo. Volti ndogo, ndugu yangu, ndizo zenye ampea kubwa.

Na joto la kiungo, yaani pale waya unaposhikana na swichi, halipandi sawa na ampea, linapanda kwa mraba wake. Ampea zikiwa mara 20, joto ni mara 400. Chukua mguu wa swichi uliolegea, wenye ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa ohm 0.02 tu, kitu ambacho mita ya bei rahisi haikioni. Kwa ampea 30, hapo panazalika wati 18. Chuma changu kidogo cha kulehemu ni cha wati 25. Yaani nilikuwa nimefunga chuma cha kulehemu ndani ya plastiki, nikakiita swichi.

Kwa nini mguu ulilegea? Hapa naona haya, lakini nitasema. Niliulegeza mimi. Nililehemu waya moja kwa moja kwenye miguu ya swichi, nikashikilia chuma hadi risasi ing'ae vizuri, na plastiki inayoushika mguu ikalainika kimyakimya. Swichi iliingia kazini tayari imeungua. Ongeza waya wa milimita 1.5 wa taa za nyumbani, ambao wenyewe ulikuwa ukipata moto, na hewa yetu ya chumvi. Nyumba yangu iko hatua chache kutoka baharini, na miguu ya ile swichi ya kwanza ilikuwa na kutu ya kijani.

Liko na jingine ambalo muuzaji hakuniambia. Ampea 16 zilizoandikwa ni za stima ya ukutani, ambayo huenda na kurudi, hivyo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila ikipita sifuri cheche ndani ya swichi inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche inakaa, inakula uso wa chuma, na uso ulioliwa unazidi kupata moto.

Basi swichi ya tatu sikununua kubwa. Nilinunua ndogo kabisa, na pembeni yake rilei ya gari ya ampea 40, yaani swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole, ile ya taa kubwa au honi, ambayo kila duka la spea linayo. Miguu yake imeandikwa namba: 30 inatoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye inveta, 85 na 86 ni za koili, sumaku ya ndani inayoifunga rilei. Kidole changu kinabonyeza swichi inayopitisha chini ya robo ya ampea, na mzigo wote unabebwa na rilei. Waya nikaweka wa milimita 6. Fyuzi nikaifunga karibu kabisa na betri. Miguuni sikulehemu tena, niliubana waya kwa koleo kwenye lagi za kusukuma, vile vishikio vya chuma vinavyovikwa miguuni, nikazivuta kwa nguvu moja moja kuona kama zitatoka.

Na kabla ya kugusa chochote, toa waya wa hasi wa betri, na vua pete. Mimi yangu niliivua baada ya bisibisi kugusa vichwa viwili vya betri na kubaki na doa jeusi.

Vijana wenzangu, tuna ugonjwa wa kubadilisha. Kitu kikiungua tunakimbilia dukani kabla hata hakijapoa. Swichi iliyoyeyuka ni shahidi, na wewe unamtupa jaani kabla hajasema neno. Igeuze. Tazama mguu upi umeungua zaidi: kama ni mmoja tu, kiungo ndicho kibaya, kama yote miwili, pengine mzigo ni mkubwa. Nimelisema hili mara ngapi hapa? Bado mnaniuliza ampea ngapi.

Ramadhani iliyopita sanduku langu lilifanya kazi mwezi mzima. Ami alikuja mara mbili, akakaa chini ya feni stima zikiwa hazipo, hakusema kitu. Blenda lakini ni marufuku, Mama anasaga juisi mchana.

Yule kijana wa Likoni nilimjibu asinunue chochote kwanza. Anitumie picha ya miguu ya swichi, si ya uso wake, na aniambie saa ile ilipoungua nini kilikuwa kimechomekwa. Picha haijafika. Jibu limefika asubuhi hii, neno moja: "Pasi."