Angalia vifundo vya vidole kabla hujawasha mashine

Wadogo zangu mnaoanza kazi chumba cha leza ya kuondoa nywele, wiki hii nimekaa pembeni nikiwatazama, na zaidi ya mara moja nimelazimika kuinuka kwenye kiti. Mikono yenu ni mizuri, na wateja mnawapokea kwa heshima inayonifurahisha. Lakini makosa yenu ni yale yale ya waliowatangulia, hakuna jipya hata moja, na anayeumia kila mara ni dada wa watu aliyelala pale kitandani. Nadharia mmeshasoma. Haya ni ya chumbani.

1. Swali la kwanza ni mara ya mwisho aling'oa lini. Waksi, uzi, kibanio, halawa ya sukari na ndimu, vyote vinaondoka na shina, na pasipo shina leza haina cha kupiga. Wiki nne hadi sita bila kung'oa. Wembe ruksa. Mwenye ndevu za kidevuni atawaambia hawezi kutoka nje na nywele muda wote huo, mwambieni anyoe, naye ataruka kwa hofu kwamba wembe utazinenepesha. Haunenepeshi, unakata ncha tu, ndiyo maana zikiota zinakwaruza. Mweleze taratibu, maana hofu hiyo kalishwa na mama, shangazi na saluni nzima. Jana mmoja wenu alimcheka mteja kwa hilo. Sikupenda.

Akija hajanyoa, mnyoe wewe. Nywele ndefu inaungulia juu ya ngozi, inachoma ngozi yenyewe, inachafua kioo cha kichwa cha mashine, na moshi wake mnauvuta ninyi. Barakoa na kifyonza moshi si mapambo.

2. Skrini haimwoni mteja. Nimemwona mmoja akibonyeza "aina ya V", halafu akabonyeza "anza", kwisha. Kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kwa aina kuanzia nyeupe hadi nyeusi, kilitungwa mwaka 1975 kwa ajili ya ngozi nyeupe na jinsi zinavyoungua juani. Aina ya V na ya VI ziliongezwa baadaye, na ndani ya hizo mbili ndimo tulimosongamana sote, kuanzia maji ya kunde hadi mweusi ti. Namba ya kwenye skrini ni mahali pa kuanzia kufikiri.

Mnaikumbuka kanuni ya Anderson na Parrish ya 1983: chagua mwanga unaonyonywa na kile unachotaka kukiharibu, kwa pigo la muda unaokifaa. Tunachotaka kukiharibu ni shina lenye melanini, yaani ile rangi ya asili ya nywele na ngozi, na ngozi yetu nayo imejaa melanini, kwa hiyo inanyonya mwanga kama shati jeusi juani. Ndiyo sababu hapa tunategemea leza ya Nd:YAG yenye wimbi la nanomita 1064, inayopita juu ya ngozi bila kunyonywa sana na kushuka chini. Leza ya aleksandraiti ya 755 kwa ngozi zetu nyingi ni kutafuta balaa. Mashine za IPL, za mwanga mkali usio leza, humwaga mawimbi mchanganyiko, na mengi kati yake yanaishia juu. Leza ya dayodi ya 810 inawezekana kwa mkono uliozoea, pigo likiwa refu na baridi ya kutosha.

Na msisubiri wekundu. Kwa mtu mweusi mara nyingi hauonekani. Inamisheni taa ije kwa pembeni, mpapase kwa kidole: mnatafuta vivimbe vidogo kuzunguka kila tundu la nywele. Ngozi ikigeuka kijivu au ikaanza kuteleza chini ya kichwa cha mashine, simameni, wekeni baridi, na siku hiyo imekwisha.

3. Vifundo vya vidole. Hapa nitakaa.

Alikuja dada mmoja mwenye duka, ndevu za kidevuni zimemsumbua tangu usichana wake. Nilimuuliza kama anatumia krimu ya kung'arisha, akasema hapana, mafuta ya nazi tu. Uso wake ulikuwa mweupe, laini, una wekundu kidogo mashavuni, na vijishipa vyembamba vikionekana karibu na pua. Nikaona ngozi nzuri. Nikamweka aina ya IV, nikapandisha juli, yaani nguvu ya pigo, na pigo lenyewe nikalifupisha. Jaribio nililifanya chini ya taya, nikangoja muda wa kunywa chai, nikaona shwari, nikaendelea na kidevu kizima.

Mikono yake ilikuwa imekunjwa juu ya tumbo, mbele ya macho yangu muda wote ule. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi kabisa, na masikio pia. Mtu yeyote aliyekulia Dar es Salaam anaijua alama hiyo: mkorogo. Mimi nilikuwa naangalia kidevu tu.

Alisema inauma sana. Nikamjibu kidevu huwa kinauma. Hilo jibu ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko ile namba niliyoiweka, kwa sababu mwili wake ulikuwa unaniambia ukweli na mimi nikaunyamazisha. Usiku akanitumia picha, malengelenge yamejipanga. Yalipokauka yakaacha maduara meusi yaliyofuata umbo la kichwa cha mashine, moja baada ya jingine, kutoka sikio hadi sikio. Alikaa dukani kwake amejitanda mtandio hadi mdomoni, katika joto la Januari, wateja wakimuuliza kama anaumwa jino.

Aliporudi ndipo aliponiambia. Alikuwa akichanganyiwa na mtu sokoni, tyubu kadhaa ndani ya kopo moja, kwa miaka. Nikamuuliza mbona hakusema, akanijibu kwamba nilimuuliza kama askari. Kweli nilimuuliza hivyo. Krimu zenye haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, kila mwanamke anajua kwamba anasemwa kwa kujichubua, halafu mimi nikamkazia macho nikitaka akiri mbele ya msaidizi. Angekirije?

Mkorogo kwa kawaida una haidrokwinoni, mara nyingi na steroidi kali, wakati mwingine zebaki. Steroidi huichakaza ngozi ikawa nyembamba na mishipa ikajitokeza. Ule wekundu nilioupenda ulikuwa ni ngozi iliyochoka. Weupe ni wa kuazima, seli zinazotengeneza rangi bado ni za mtu mweusi na zimekasirika, ukizichoma zinamwaga rangi kwa wingi. Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, akamwachisha mkorogo hatua kwa hatua, maana steroidi ya muda mrefu haikatwi ghafla. Madoa yalififia kwa miezi mingi. Moja, kwenye kona ya taya, lipo hadi leo. Anapokuja kunisalimia jicho langu linakwenda hapo kabla ya kumwona yeye, naye anajua.

Kwa hiyo, kabla ya mashine, shika mikono ya mteja. Tazama vifundo, masikio, viwiko, kisha linganisha uso na ngozi ya ndani ya mkono. Usiulize kama anajichubua. Muulize: "Asubuhi unapaka nini? Usiku je? Nani anakuchanganyia?" Mwombe picha ya kopo. Muulize mkiwa wawili tu. Akikiri, mshukuru, mwelekeze kwa daktari, na leza ingoje hadi ngozi irudi kuwa yake. Jaribio mlipe saa arobaini na nane, na kwa aliyewahi kutumia mkorogo ngojeni wiki kadhaa. Ngozi nyeusi husema kesho kutwa, haisemi leo.

4. Ganzi. Krimu ya ganzi inaingia kwenye damu. Huko Marekani wasichana wawili, wa miaka 22 na 25, walijipaka miguu yote, wakaizungushia nailoni wakijiandaa kwa leza, wakapoteza fahamu na baadaye wakafa. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, ilitoa onyo mwaka 2007. Sitaki kuona mteja amepakwa miguu mizima na kufungwa nailoni akisubiri zamu. Eneo dogo, kiasi kidogo. Kwingine tumia baridi.

5. Hina na piko. Bibi harusi anakuja amebakisha wiki moja, mikono imechorwa hadi kwenye viwiko, anataka kila kitu kiondoke kabla ya singo. Piko ni rangi nyeusi juu ya ngozi, leza itaifuata hiyo na kumuunguza. Hapigwi. Mwambie ukweli: harusi ya Desemba ilitakiwa ianze kuhesabiwa mwanzoni mwa mwaka. Somo wake atakupigia simu kukugombeza. Msikilize mpaka amalize, halafu rudia jibu lile lile. Kwa sasa wembe utamtosha, na baada ya fungate aje tuanze.

6. Miwani ya leza inalingana na wimbi, msibadilishane ovyo. Mwanga wa 1064 hauonekani lakini unafika hadi nyuma ya jicho. Mteja avae yake, na kufumba macho hakutoshi. Chini ya nyusi, ndani ya mfupa wa tundu la jicho, hapaguswi hata akilia.

7. Chora mipaka kwa penseli nyeupe tu. Wino mweusi unaungua. Tatuu na vidoti vyeusi vya ngozini, viruke.

8. Msiuze "milele". Inayoweza kufa ni nywele iliyo kwenye hatua ya kukua siku ile. Nyingine zimelala, ndiyo maana tunarudia mara sita hadi nane, usoni kila wiki nne hadi sita, mwilini sita hadi nane. Zitapungua sana, zitakuwa nyembamba, na baadhi zitarudi. Mvi hazina melanini, kwa hiyo msichukue pesa ya mtu kwa mvi. Huyo afikirie sindano ya umeme, ufundi ulioelezwa na daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis mwaka 1875 kwa kope zinazoota kuelekea ndani. Sindano inaua tundu moja moja bila kujali rangi. Mwenye historia ya makovu ya kuvimba aonane na daktari kwanza. Na malaika ya mashavuni yaacheni. Leza inaweza kuyaamsha yakawa nywele nene, na huo ni mzigo mtakaokuwa mmemtwisha ninyi.

9. Binti mwenye ndevu na hedhi inayoruka miezi, hospitali kwanza. Mara nyingi ni ovari zenye vifuko vingi, na homoni zisipotazamwa nywele mpya zitaendelea kuzaliwa huku yeye akitulipa. Hawa kaeni nao. Wengi hawajawahi kumwonyesha mtu kidevu chao, hata dada zao.

10. Wanaume wenye vipele vya ndevu, hapa leza inaonyesha thamani yake. Nywele zetu zimejikunja, zikinyolewa karibu zinageuka na kuchoma ngozi, shingo inajaa vipele na makovu. Nd:YAG ikipunguza nywele, vipele vinapungua nazo, na mtu anarudi kufunga kifungo cha juu cha shati. Ila muulizeni kabla ya pigo la kwanza kama anafikiria kufuga ndevu siku moja, kwa dini au kwa kupenda tu, kwa sababu tunachopunguza huenda asikipate tena. Jibu lake liandikeni kwenye faili, na asaini.