Nimevuka maksi za N3 lakini wameniandikia nimefeli

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nilifanya mtihani wa Kijapani, JLPT, level ya N3 na matokeo yametoka. Msamiati na sarufi 45, kusoma 42, kusikiliza 17, jumla 104. Sasa pasi ya N3 si 95 jamani? Mwenzangu kapata 97 na kapasi, mimi wananiambia nimefeli, nimeumia sana. Wamekosea nikate rufaa? Na kama tatizo ni kusikiliza nifanyeje, manake nikisoma naelewa ila wakianza kuongea tu naachwa.

JIBU: Marahaba, na pole sana, najua inavyouma kuona 104 alafu pembeni kuna neno la kufeli. Hawajakosea lakini. JLPT haiangalii jumla peke yake, N3 ina sehemu tatu, kila moja ina maksi 60, na kila sehemu lazima ufikishe angalau 19. Ukikwama sehemu moja tu, hata jumla ingekuwa 130 bado umefeli. Mwenzako na 97 yake alivuka 19 kote, basi. N2 na N1, level za juu zaidi, ni hivyohivyo, ila pasi ya jumla inakuwa 90 kwa N2 na 100 kwa N1. Na hiyo 17 sio kwamba umepata maswali 17, maksi zao zinakokotolewa kwa mizani maalum, kwa hiyo usihangaike kuhesabu maswali.

Mi naona sheria hii ni ya haki kabisa. Mtihani wenyewe hauna kuongea wala insha, ni kuchagua majibu tu, sasa wasipobana kwenye kusikiliza mtu atapasi kwa macho peke yake.

Tuje kwenye tatizo lenyewe. Rekodi inapigwa mara moja, hairudiwi, na wanaoitunga wanajua utakamata neno la kwanza unalolijua. Chukua mfano wa aina hii: unaulizwa mwanamke afanye nini kwanza. Bosi anasema toa kopi za mkutano, mwanamke anajibu nimeshatoa, bosi anasema basi panga viti, ah hapana, kabla ya hapo mpigie mteja uhakikishe saa. Aliyesikia kopi akatulia kachagua kopi, aliyesikia viti kachagua viti, jibu ni simu. Kwa hiyo usijaze mpaka mazungumzo yaishe, andika vineno pembeni kwenye kijitabu cha maswali alafu ukate kila linalokataliwa.

Kule mwishoni kwenye majibu ya haraka ndo wengi wanamalizikia, unasikia sentensi fupi na majibu matatu, kwenye karatasi hakujaandikwa kitu. Ukikosa moja, chagua lolote uliachie hapohapo, ukibaki unaliwaza na linalofuata limekupita.

Na kwanini unasoma vizuri ila husikii? Kanji, zile herufi za Kijapani zinazobeba maana, inakupa maana kwa jicho hata kama matamshi huna uhakika nayo, sikio halina msaada huo. Pia wakiongea wanafupisha, te shimau inakuwa chau, te iru inakuwa teru, nakereba inakuwa nakya, we unasubiri ile ndefu ya kwenye kitabu na yenyewe haiji. Ingia tovuti rasmi ya JLPT, kuna maswali ya mfano ya bure yana sauti na maandishi yake. Sikiliza bila kuangalia, andika ulichosikia, ndo ufungue maandishi upige mstari pale ulipokosa, alafu rudia kwa sauti pamoja na msemaji mpaka mdomo wako uende spidi yake. Dakika chache kila siku, usirundike zote wikiendi.

N2 iache kwanza, usomaji wako uko vizuri, kinachokusumbua ni sikio. Mtihani unafanyika Jumapili ya kwanza ya Julai na ya Desemba, ila kuna nchi zinafanya mara moja tu kwa mwaka na usajili unafungwa mapema, kwa hiyo waulize wasimamizi wa kituo chako leoleo kabla hujaanza hata kupanga ratiba.